Sukari Kwenye Tangi la Dizeli

Sinywi chai yenye sukari. Watu wakinitembelea huku Tassia ninakoishi sasa hudhani nina ugonjwa wa sukari, wananionea huruma, wengine hata hunitajia mizizi ya kuchemsha. Nawaacha waamini hivyo. Ni rahisi kuliko kueleza kwamba harufu ya sukari ikiingia kwenye maji moto, papo hapo pua yangu huniletea harufu ya dizeli, na baada ya dizeli inakuja hasira, ile ile, mbichi, kama vile jambo lenyewe lilitokea jana asubuhi.

Juzi, kwenye kile kikundi cha simu cha watoto wa zamani wa Kaloleni, mtaa nilikokulia, mtu akaandika kwamba Profesa amefariki na kwamba kila mmoja wetu aandike neno moja jema juu yake. Wakaanza. Alikuwa mcheshi. Alikuwa fundi wa kweli. Mungu amlaze mahali pema. Mimi nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Neno jema sina. Nina hili.

Baba yangu alikuwa na lori. Katika mtaa ambao wanaume wengi walivuka reli kila asubuhi kwenda kusimama kwenye mageti ya viwanda wakitafuta kibarua, yeye alikuwa na lori lake mwenyewe, kuukuu, la kijani kilichokwisha kuwa kijivu, linalolala kando ya ukuta wa ukumbi wa mtaa. Alibeba watu wanaohama, mchanga, viazi, viti vya harusi, na siku moja kwaya nzima ya akina mama waliokuwa wakiimba wakiwa wamesimama. Mimi ndimi kifungua mimba wake, na nilipewa jina la mama yake mzazi, Nekesa, kama ilivyo desturi ya kwetu magharibi. Kwa hiyo baba hakuniita kwa jina. Aliniita mama. Hata akinituma maji ya kunywa alinituma kwa adabu: "Mama, hebu nisaidie."

Likizo zikifika nilipanda naye. Kazi yangu ndani ya lori ilikuwa moja tu, kulizima. Lori la dizeli la zamani halizimwi kwa ufunguo. Chini ya usukani kuna kirungu cheusi, unakivuta, kirungu kinavuta waya, waya unavuta kimkono kidogo kilichoko kwenye pampu ya dizeli, mafuta yanakatika, lori linakohoa mara mbili na kunyamaza. Siku moja tukiwa mtaa wa Ziwani ule waya ulikatika na lori likakataa kuzima. Baba akafungua boneti, akanibeba ili nione, akaweka kidole kwenye kile kimkono na kukivuta upande wetu. Lori likafa. "Umeona, mama? Kikija huku, amekufa. Kikirudi kule, yuko hai." Niliona. Nilikuwa na miaka kama kumi hivi, na kitu nilichoonyeshwa na baba sikukisahau.

Basi lori lilianza kuzeeka vibaya. Lilikunywa oili, likatoa moshi mweusi, likapanda mlima kama mgonjwa wa pumu. Na wakati huo huo bahati ikabisha hodi. Kiwanda kimoja cha unga ng'ambo ya reli kilikuwa kinatafuta mwenye lori wa kusambaza unga madukani, kila siku, mwaka mzima. Mkubwa wa pale akamwambia baba: lete gari Jumatatu saa mbili asubuhi tulione, lakini lisiwe linatoa moshi. Baba alirudi nyumbani akicheka peke yake. Mama yangu, ambaye alikuwa hacheki ovyo, naye akacheka. Ilibaki kufungua injini, kubadilisha ringi na gasketi, na kuifunga. Na katika mtaa wetu injini ilifunguliwa na mtu mmoja tu.

Profesa alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja, na juu ya ovaroli lake la mafuta alivaa koti la suti. Jina alilipata kwa koti hilo, na kwa namna yake ya kusikiliza injini. Alikuwa na bisibisi moja ndefu. Ncha yake aliiweka kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Watu wote wanyamaze. Halafu anafumbua macho na kutangaza ugonjwa. Sisi watoto tulimwogopa na kumpenda. Sitasema uongo, hata mimi nilimpenda. Injini ya baba ilikaa wazi kando ya ukuta wa ukumbi zaidi ya wiki, vyuma vimepangwa juu ya magunia, pistoni zinaogeshwa kwenye karai, na mimi nilipita pale kwa heshima kama anayepita hospitalini.

Jumatano akafunga kila kitu. Mtaa ukajaa. Baba akapanda, akapiga stata. Injini ikazunguka vizuri kabisa, ng'eng'eng'eng'e, na haikuwaka. Akapiga tena. Haikuwaka. Wala haikutoa moshi, hata ule mweupe kidogo wa kukuonyesha kwamba inajaribu. Profesa akatikisa kichwa kwa utulivu. "Ni upepo. Mafuta yameingia upepo." Akalegeza skrubu moja kwenye pampu, akapampu kwa mkono, povu likatoka, halafu dizeli safi bila povu. Akakaza. "Haya, washa." Ng'eng'eng'eng'e. Kimya. Wakarudia hivyo mpaka betri ikachoka, na ilipochoka kijana mmoja aliyekuwa amekaa ukutani akasema kwa sauti, "Niaje Profesa, mgonjwa amekataa kuamka?"

Watu wakaangua kicheko. Profesa hakucheka. Leo, nikiwa mtu mzima, naamini kicheko kile ndicho kilichonichoma mimi.

Alhamisi, betri ikiwa imechajiwa, alilegeza nati za mabomba yanayopeleka dizeli kwenye nozeli. Baba akapiga stata. Halikutoka hata tone. Sasa, mimi nina gereji yangu, ndogo lakini yangu, na mkate wangu unatoka humo. Nitawaambia kitu. Fundi akiona dizeli inafika kwenye pampu lakini haitoki kwenye pampu, cha kwanza anauliza kama pampu yenyewe imeambiwa ifunge. Ni jambo la kuinama na kutazama. Pampu ile Profesa aliitoa mwenyewe na kuirudisha mwenyewe. Alipaswa kuanza kwa kutazama kazi ya mikono yake. Badala yake akaanza kutafuta mtu.

Akalizunguka lori taratibu. Akafika kwenye tangi la dizeli, pale ubavuni, akapitisha kidole kwenye kifuniko, akalamba. Akageuka. "Nani amekula sukari hapa?"

Ni mimi niliyekula. Jumanne mama alinituma robo ya sukari dukani, na wakati wa kurudi nikakaa juu ya tangi la lori, nikatoboa pakiti pembeni kidogo, nikalamba. Mtoto gani wa Kaloleni hakufanya hivyo? Nikainua mkono kama niko darasani. "Ni mimi. Nilikuwa nalamba." Nilifikiri ukweli ni kitu ambacho ukikileta unashukuriwa. Ujinga wa utoto!

Profesa akavua miwani, akaifuta kwa koti, akairudisha. Alijua watu wanamtazama. "Baba Nekesa," akasema, "kikulacho ki nguoni mwako. Huyu ametia sukari kwenye tangi. Pampu imenata."

Watu wakasema "Aaa!" kwa pamoja, aaa ile ya kuelewa. Hadithi ya sukari kwenye tangi kila mtu aliijua, ndivyo maadui wanavyoua magari ya watu. Wakamwaga dizeli yote kwenye madebe, wakiichuja kwa leso ya mama. Kwenye leso hakikubaki kitu. Nikaruka. "Mnaona! Hakuna!" Profesa akanitazama kwa huzuni ya kujifanya. "Haionekani kwa sababu imeyeyuka. Kwani ukitia sukari kwenye chai unaiona?" Na watu wazima wote wale, waliokunywa chai tamu tangu waachishwe ziwa, wakaitikia kwa vichwa. Sukari huyeyuka, nani asiyejua? Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama dizeli ni chai.

"Mama," baba akaniuliza, "ulitia?"

"Sikutia."

"Lakini ulikaa hapo."

"Nilikaa."

Alinipigisha magoti kwenye kokoto, mbele ya gurudumu la mbele, mikono juu, jua la saa saba. "Mpaka useme." Mtaa mzima ukapita pale. Mzee mmoja wa nyumba ya pili akasema, "Samaki mkunje angali mbichi," akaenda zake akiwa ameridhika. Kutoka pale chini nilikuwa naona viatu vya Profesa. Alikuwa amekaa juu ya gunia akinywa chai aliyoletewa na mama yangu, chai iliyotiwa ile sukari yetu, na alikuwa akiikoroga bila haraka. Nilimtazama akikoroga nikajisemea moyoni, wewe, nitakulipa. Niliapa hivyo kabla hata ya kujua nitalipaje.

Ijumaa asubuhi nikatafuta ushahidi. Nilichota dizeli kidogo kutoka kwenye debe, nikaitia kwenye mkebe wa siagi, nikaongeza kijiko cha sukari, nikakoroga kwa kijiti. Nikangoja. Sukari ilishuka chini ikalala kama mchanga. Nikakoroga tena. Ikalala tena. Nikauweka mkebe juani, nikautikisa, nikautemea na mate kwa hasira. Haikuyeyuka! Nilikimbia nyumbani nikiwa nimeushika kwa mikono miwili nisimwage. Baba alikuwa mlangoni, anaongea kwa simu na mkubwa wa kiwanda, kwa sauti laini ambayo sikuwahi kumsikia nayo. "Ndiyo, mkubwa. Jumatatu tutafika, mkubwa. Saa mbili, ndiyo."

Akakata simu. Nikamwonyesha. "Baba, ona! Haiyeyuki!"

Akatazama ndani ya mkebe. Hakuona sukari iliyolala chini. Aliona dizeli, akaona sukari, akaniona mimi. "Ala! Bado unatia?" Akautwaa, akaumwaga mtaroni, na kwa mkono ule ule akanipiga kofi hadi sikio likapiga mluzi. Mama akatoka jikoni akifuta mikono. Nilidhani atanitetea. Akasema, "Nekesa, omba msamaha yaishe. Kwani shida iko wapi?"

Shida iko wapi! Watu husema watoto husahau. Sijui ni watoto gani hao. Mimi ni mtu wa kuweka, na siku ile niliweka vyote, kofi, leso, kile kijiko cha Profesa, na ule mkebe uliomwagwa bila kutazamwa.

Mchana nilijificha ndani ya lori nilie vizuri. Baba na Profesa walikuwa mbali kidogo, kwenye kona ya ukumbi. Mkono wangu, kwa mazoea tu, ukaenda kwenye kirungu cheusi. Nikavuta. Hakikuja. Siku zote kilikuja kwa uzito kidogo, kama ndoo ya nusu, halafu kikarudi chenyewe. Siku ile kilikuwa kigumu, hakisogei hata ukucha. Nikafuta kamasi. Nikashuka, nikapanda bampa, boneti ilikuwa wazi bado. Nikatafuta kile kimkono kwenye pampu.

Kilikuwa kimekuja huku.

Kirungu kilikuwa kimesukumwa ndani, mahali pa kuwasha, lakini kimkono kilikuwa kimevutwa mpaka mwisho, upande wa kufa. Profesa aliporudisha pampu aliubana waya ukiwa mfupi. Hapakuwa na ugonjwa mwingine wowote. Tangu Jumatano walikuwa wanapiga stata, wanasukuma upepo, wanamwaga tangi, wanampigisha mtoto magoti, na lori lilikuwa limezimwa tu. Skrubu moja ndogo ikilegezwa, waya ukipata nafasi, mambo kwisha.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumwita baba. Hapo ndipo nilipowaona, wamekaa juu ya magunia, vichwa karibu, Profesa anaongea huku akionyesha nyumba yetu kwa kidole, na baba anaitikia kwa kichwa. Nikaufunga mdomo. Nikasema, wacha. Wacha atoe jasho mpaka Jumatatu.

Lazima nieleze akili yangu ya wakati ule, maana ndiyo iliyonipoteza. Mimi nilidhani Jumatatu ni siku ya Profesa. Nilidhani wakubwa wa kiwanda watakuja, watamkuta fundi ameshindwa, watamcheka, baba atamfukuza kwa spana, na mimi nitapanda pale juu mbele ya watu wote, nilegeze skrubu, na baba aniombe msamaha kwa sauti ya kusikika mpaka Makongeni. Kazi ya unga niliiona kama lori lenyewe, kitu cha baba, kinachomngoja baba. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kazi ina miguu, na usipofika inamfuata mwingine.

Jumamosi walitia dizeli nyingine tangini, Profesa akatoa upepo tena, na vijana ishirini wakalisukuma lori kandokando ya kiwanja, baba akiwa ndani akiingiza gia, wakalirudisha, wakalisukuma tena. Nilikaa ukutani nikitafuna muwa. Nilitema makapi kila Profesa alipopita, ametupa koti, shati limeloa. Alisema sasa ni lazima pampu ipelekwe kwa wale wanaopima pampu mjini, nao hawafungui mpaka Jumatatu. Nikatafuna. Raha niliyoisikia siku ile sijawahi kuisikia tena maishani, na watu wanaosema kisasi hakina utamu hawakuwahi kupigishwa magoti bure.

Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya. Mchungaji aliniita mbele. Mama akanisukuma taratibu mgongoni. Akina mama wakaniwekea mikono kichwani, mizito, yenye harufu ya mafuta ya nywele, wakaomba roho ya uharibifu initoke. Profesa alikuwa benchi la pili. "Amina" yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Na mimi niliomba. Nilifumba macho nikasema: Mungu, kesho lori lisiwake. Ni ombi langu pekee lililowahi kujibiwa neno kwa neno.

Jumatatu baba alivaa shati lililopigwa pasi akavuka reli kwa miguu, kwenda kuomba wiki moja. Alirudi kabla ya saa nne. Hakuingia nyumbani. Alikaa kwenye kidaraja cha kupandia lori, na mama alipomfuata akamwambia, "Wamechukua mwingine. Alikuwa getini tangu saa moja." Nilisimama pale karibu, nimeshika mdomo. Nilingoja aende kumtafuta Profesa. Hakwenda. Wala Profesa hakuonekana; alituma mtoto aseme ana msiba kwao. Mwoga yule!

Mtu ataniuliza, mbona hukusema hapo? Hata mimi nimejiuliza. Jibu ni kwamba hasira yangu haikuwa imeshiba. Profesa alikuwa hajaaibika. Kinyume chake, alikuwa anajengewa jina. Huko gereji za Shauri Moyo alikuwa anasimulia jinsi alivyogundua sukari kwa kulamba kidole, na watu wanamnunulia soda. Watoto wenzangu wakaacha kuniita Nekesa. "Sukari! Wewe Sukari!" Hata vile vidogo visivyoweza kutamka vizuri viliniimbia nikienda bombani kuteka maji. Baba naye hakunipiga tena, hakunigombeza tena. Alipita tu. Kwa hiyo nikaibana siri yangu nikangoja siku yenye watu wengi.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Baba aliuza lori, kama chuma, kwa mama mmoja mfanyabiashara wa Ziwani. Mwanamke mnene, mchangamfu, alikuja na dereva wake na lori jingine lenye mnyororo wa kuvutia. Waliandikiana karatasi juu ya boneti, baba akatia sahihi, yule mama akaikunja karatasi akaitia kwenye mkoba, zipu ikafungwa. Kutoka wiki iliyofuata baba angekuwa anavuka reli kila asubuhi na wale wengine, kusimama getini, na angefanya hivyo mpaka mgongo ulipokataa. Lakini mimi sikuwa nikimtazama baba. Nilikuwa nikitazama mtaa ulivyojaa, na katikati ya watu, akiwa amevaa koti lake, Profesa, amekuja kutoa maoni.

"Mkifungua pampu," alikuwa anamwambia yule mama, "mtakuta sukari imeganda humo kama jiwe."

Nikaenda moja kwa moja nikachomoa bisibisi yake kutoka mfukoni mwa koti. "We, Sukari!" akapiga kelele. Nilikuwa nimeshapanda bampa. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo kichwani mara mia. Nikalegeza ile skrubu, waya ukateleza, na kimkono kikaruka kikarudi kule, ta! Nikageuka kwa dereva wa yule mama. "Piga stata."

"Kasichana kana vituko," yule mama akasema akicheka. "Hebu mpigie tuone."

Betri ya baba ilikuwa imebaki na nguvu kidogo. Ng'eng'eng'eng'e. Moshi mweupe ukatoka. Injini ikakohoa, ikasita, ikakohoa, halafu ikawaka, ikanguruma, na ukuta wa ukumbi ukanguruma nao. Nani aliwahi kusikia mlio mzuri hivyo? Injini mpya, safi, haina moshi mweusi hata chembe. Watu wakapiga kelele kama timu imefunga bao. Nikasimama pale juu ya bampa, gauni limejaa grisi, nikamnyoshea Profesa kidole.

"Ni yeye! Alibana waya vibaya! Lori lilikuwa limezimwa tu! Na sukari haiyeyuki kwenye dizeli!"

"Profesa!" vijana wa ukutani wakalipuka. "Buda, umeanguka mtihani na kasichana!" Mmoja akaigiza kulamba kidole, watu wakashikana mabega kwa kucheka. Yote niliyoyaota yalikuwa yametimia, hakuna lililopungua, na bado nilikuwa sijamtazama Profesa usoni. Nilikuwa nakihifadhi kipande hicho kwa mwisho. Nikaruka chini nigeuke nimwone vizuri.

Baba alikuwa amesimama mbele yangu. Hakuwa na hasira. Alizungumza polepole, karibu na sikio langu, kwa sababu ya mngurumo.

"Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kusema leo. Ningesema nimeona sasa hivi, na angeniamini, na pengine angenikumbatia.

"Tangu Ijumaa," nikasema.

"Jana?"

"Ile nyingine. Ile ya mkebe."

Niliona macho yake yakihesabu. Jumamosi. Jumapili. Jumatatu. Yalipofika Jumatatu yakasimama.

"Sawa," akasema.

Dereva wa Ziwani alikuwa anajaribu kulitoa lori letu katikati ya nyumba, hajui njia, karibu agonge bomba la maji. Baba akaniacha, akaenda nyuma ya lori, akainua mkono, akaanza kumwongoza kama alivyowaongoza watu wote waliowahi kuliendesha. "Njoo. Njoo. Kata kulia. Bado, bado, njoo. Simama. Sasa nyoosha." Sauti yake ilikuwa ya kazi, ya kawaida kabisa. Lori likapita kwenye ukumbi, likapita kiwanja, na yeye akalifuata hatua kwa hatua mpaka barabarani, mkono juu, akizuia magari mengine ili lipate nafasi ya kuingia.

Profesa alikuwa nyuma yangu wakati huo wote, hatua tatu tu, na aibu yake yote niliyoingoja kwa siku tisa. Sikugeuka.